Vimeng'enya Vyangu na Sabuni ya Mama Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha nikicheka. Mnaonifuata tangu mwanzo mnanijua: mimi nikicheka, jueni kuna jambo linakuja nyuma yangu na rungu.

Kwa aliyechelewa, nitasema upesi. Nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia, kikafungwa. Nikajitia kutengeneza dizeli kwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chipsi na samaki. Mara ya kwanza nilitumia kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, kama nilivyosikia wengine wanafanya. Mafuta yangu yalikuwa yamechakaa mno, pipa zima likageuka sabuni. Mtaa mzima uliifulia nguo. Mpaka leo wananiita Bwana Sabuni.

Ndipo mwalimu wa kemia, aliyesoma na mke wangu, akanionea huruma na kuniletea vimeng'enya. Msiliogope neno. Hata tumboni mwako sasa hivi unavyo, ndivyo vinavyokusagia chakula. Hivi vyangu kazi yake ni kukata mafuta, na vimenatishwa kwenye punje nyeupe ndogo kama ufuta. Unatia punje kwenye mfuko wa wavu, unauzamisha kwenye pipa la mafuta ya uvuguvugu, unaongeza spiriti kidogo kidogo, maana ukiimimina yote kwa pupa vinakufa. Gliserini nzito inashuka chini, dizeli inabaki juu. Mafuta yawe machafu, yawe ya mnyama, vyenyewe havichagui. Na mfuko ni ule ule, unautumia tena na tena.

Mke wangu ni mkunga kwenye kituo cha afya. Umeme wetu unakuja na kuondoka upendavyo, na dizeli ya kawaida imeadimika. Akasimama mbele ya daktari mkuu akasema, "Mume wangu atatuletea mafuta ya jenereta. Mimi ndiye mdhamini wake." Pipa la kwanza likaenda, jenereta ikaunguruma kwa raha zake, watoto njiti wakalala kwenye vitanda vyao vya joto.

Hapo ndipo nilipowaacha, nacheka.

Basi, akaja mama mkwe.

Alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho. Miaka mingi mama huyu aliishi kama mtu anayechungulia kupitia pazia. Sasa pazia limetolewa, anaona kila kitu, hasa uchafu. Siku aliyofika alisugua sufuria zote mpaka zile ambazo hatukujua ni za rangi ya fedha zikang'aa. Siku iliyofuata alipanda kwenye kiti akaanza kusugua dari.

"Mama, pumzika," mke wangu akamwambia.

"Nimepumzika miaka yote niliyokuwa sioni. Niacheni."

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Nikamwachia nyumba, nikatoka na madumu yangu kuzungukia mikahawa na mabucha kuokota mafuta. Sikumwambia asiingie stoo. Mke wangu nilimwambia, majirani niliwaambia, hata paka nilimfukuza. Lakini mama mkwe unamwambiaje "usiguse"? Unaanzia wapi?

Niliporudi nilikuta kitu kimeanikwa kwenye kamba, katikati ya shuka na taulo. Kilikuwa kinadondosha maji.

Kilikuwa ni mfuko wangu wa wavu.

"Umerudi, mwanangu?" Mama mkwe akatokea mlangoni anajifuta mikono. "Nimekusaidia kidogo leo."

"Asante, mama. Umenisaidia nini?"

"Zile shanga zako. Nimezikuta ndani ya ndoo, rangi ya kahawia, zinanata, zinanuka samaki. Nikasema, maskini mkwe wangu, anahangaika peke yake, hata muda wa kufua hana. Nikazifua."

Madumu yakanishuka mikononi yenyewe.

"Umezifua kwa maji, mama?"

"Ya moto! Yanayochemka. Uchafu ule ungetoka kwa maji baridi? Nikatia sabuni ya unga, haikutosha. Nikaziroweka kwenye dawa ya madoa. Njoo uzione."

Nikaenda kuziona. Haki ya Mungu zilikuwa zimetakata. Sijawahi kuona maiti safi kama wale.

Ndugu msomaji, niambie wewe ungefanyaje. Mke ungemnunia. Mdogo wako ungemfokea. Huyu ni mama aliyenipa binti yake nikiwa sina mbele wala nyuma, ameamka na macho yake mapya, macho ambayo daktari amemwambia asiyachoshe, akainama juu ya beseni kunifulia kazi yangu. Na sasa amesimama mbele yangu anasubiri nifurahi.

"Umefanya vizuri sana, mama," nikasema. "Asante."

Akatabasamu mpaka nikatamani kulia.

Nikajifungia stoo, nikampigia simu mwalimu wa kemia.

"Mwalimu, kwa mfano tu. Mtu akizichemsha zile punje, inakuwaje?"

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

"Azichemshe kwa nini? Si nilikwambia zisivuke joto la maji ya kuogeshea mtoto?"

"Uliniambia."

"Zile ni protini, bwana. Ni kama yai. Ukishachemsha yai, utalirudisha kuwa bichi?"

"Na akitia sabuni na dawa ya madoa?"

Nikasikia mwalimu akifunga mlango.

"Nani amefanya hivyo?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nimefanya mimi."

"Wewe? Wewe niliyekaa nawe siku nzima nikikufundisha? Uchafu ule ni gliserini tu, unasuuza kwa mafuta safi, basi!"

"Najua. Una nyingine?"

"Nitoe wapi? Zile niliziomba kwa mtu chuoni, naye aliziomba kwa mtu mwingine. Zikija ni mwezi ujao, kama zitakuja." Akashusha pumzi. "Pole, kaka. Maji yakimwagika hayazoleki."

Alikuwa na haki. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nikajaza pipa mafuta yaliyochujwa, nikayapasha yakawa vuguvugu, nikazamisha ule mfuko uliong'arishwa, nikawasha mota ya kukorogea niliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya kufulia. Nikatia spiriti kwa vijiko, kwa adabu zote, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Nikawa nazisemesha kabisa zile punje. "Jikazeni kisabuni, jamani. Hata nusu yenu tu."

Nilikaa kando ya pipa mpaka siku ya pili mchana. Gliserini haikushuka. Ukiyatazama mafuta kwa juu yanadanganya, yana rangi ile ile na yanateleza vile vile. Nikafanya mtihani wa chupa: unaweka spiriti kwenye chupa, unadondosha mafuta kidogo, unatikisa. Dizeli iliyoiva inayeyuka, chupa inakuwa angavu. Isiyoiva inashuka chini na kukaa.

Yangu yakashuka, yakakaa.

Yalikuwa mafuta ya chipsi na shahamu ya bucha, yamechanganywa na spiriti ya sumu. Ukiyatia kwenye injini yatawaka kwa muda, kisha ile shahamu itaganda kwenye chujio na injini itakosa pumzi. Nikazima mota. Nikakaa juu ya dumu nikaweka kichwa mikononi, sina la kufanya, sina wa kumwambia. Nilikuwa nimechoka na mikosi yangu mwenyewe. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume.

Simu ikaita. Ni mke wangu.

"Huku kwetu kituoni umeme umekatika tangu asubuhi," akasema. "Jenereta inakula mafuta ya mwisho. Pipa la pili limefikia wapi?"

"Mke wangu, nilitaka nikwambie kitu."

"Usiniambie kitu. Niambie pipa liko tayari. Wodini nina njiti, pacha, mmoja nikimshika anaenea kiganjani. Daktari mkuu ameniuliza mara mbili mbele ya watu, nimemjibu mume wangu hajawahi kuniangusha."

"Ni kwamba jana mama..."

"Mama ana nini? Macho yanamuuma?"

Nikalisikia swali lilivyotoka kwa hofu. Ningemwambia nini? Kwamba mama yake, kwa mapenzi, amewazimia taa watoto wa watu? Angeendaje kuzalisha na jambo hilo kifuani?

"Mama mzima," nikasema. "Anasugua."

"Basi leta mafuta." Nyuma yake mtu akamwita, simu ikakatika.

Nikaamua nitafute dizeli ya kweli popote ilipo, hata dumu moja. Nikafunika pipa, nikatoka. Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua mchele, punje moja moja, anatupa hata zile ambazo kosa lake ni kuzaliwa fupi.

"Yale mafuta ya hospitali yameshakuwa tayari, mwanangu?" akauliza. "Nimekusikia unakoroga usiku kucha. Isije ikawa nimekuharibia kwa kuosha."

Alisema hivyo huku ananitazama, na macho yake bado mekundu pembeni. Naapa alikuwa ameanza kuhisi. Hapo ndipo palikuwa pa kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi, nami nikaufunga kwa mikono yangu.

"Hujaharibu chochote, mama. Yako tayari. Yanapumzika tu."

Uso ukamchanua. "Afadhali! Maana nilikosa usingizi."

Nikaenda kituo cha kwanza cha mafuta. Kuna kamba imefungwa mbele ya pampu na mlinzi amelala. Cha pili wakanicheka. Nikaenda kwenye yadi ya malori, nikamkuta dereva mmoja yuko chini ya gari lake.

"Dizeli?" akasema bila kutoka. "Unafikiri nimelala hapa kwa kupenda? Mimi mwenyewe nimeishiwa."

"Ni ya hospitali, ndugu yangu. Kuna watoto."

Akatoka, akanitazama. "Wewe si ndiye Bwana Sabuni? Wewe si unatengeneza mwenyewe? Nami nilikuwa nakuja kwako!"

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Njiani nikajipanga: nitakwenda kituoni, nimwambie daktari mkuu kwamba sina mafuta, kosa ni langu, watafute njia nyingine mapema. Nitasema nimezichemsha mimi. Aibu yangu nitaibeba mwenyewe, mama mkwe hataguswa, na mke wangu atanichukia kwa haki. Nikaona ni mpango wa mwanamume. Hata nikatembea vizuri zaidi.

Nilifika nikakuta geti liko wazi. Ungo wa mchele uko chini, umeachwa nusu.

"Mama?"

Hayupo jikoni, hayupo chumbani.

Nikaingia stoo. Pale pipa lilipokuwa pamebaki duara la mafuta sakafuni, na hata hilo lilikuwa limeshafutwa futwa na tambara.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Unamtafuta mama mkwe? Ameondoka na fundi wa jenereta, yule mfupi mnayemwita Kizibo. Amekuja na gari kuchukua pipa. Akauliza kama ndilo lenyewe, mama akamwambia mkwe wake kasema yako tayari. Wakalipakia. Naye akaomba lifti akamwone binti yake kazini. Amevaa kitenge kipya, kapendeza kweli!"

Sikumsubiri amalize. Nilikimbia, ndugu zangu. Mtu mzima, na viatu vya kazi vinavyopwaya, nakatiza katikati ya mtaa, watu wananisimamisha. "Bwana Sabuni, kulikoni? Pipa limegeuka sabuni tena?" Sikuwa na pumzi ya kuwajibu.

Kabla sijafika nikaisikia jenereta. Ilikuwa inaunguruma safi. Nikawa naomba kitu cha ajabu ambacho hakuna fundi aliyewahi kuomba: kwamba Kizibo amekuwa mvivu leo, hajajaza bado, yale ni mafuta ya zamani.

Kizibo nikamkuta ameketi nyuma ya jengo juu ya pipa. Pipa lilitoa mlio wa utupu alipolipiga kwa kisigino.

"Kaka, umetuokoa!" akasema. "Tangi lilikuwa limebaki na mate tu. Nimemimina lote."

"Ulifanya mtihani wa chupa?"

"Si huwa unaufanya wewe? Mama mkwe wako kasema yako tayari. Mama mtu mzima vile atanidanganya mimi?"

"Zima, Kizibo. Zima sasa hivi."

Akasimama. "Nizime? Daktari mkuu anampasua mama mjamzito huko ndani. Nizime, uso wangu niuweke wapi?"

Nikazunguka mbele. Kwenye veranda ya wodi ya wazazi mama mkwe amekaa katikati ya wauguzi, wamemletea kiti chenye mgongo, wanamshangilia kama bibi harusi. Mke wangu ametoka na aproni yake, uso umechoka na unang'aa. Akaniona. Mbele ya wenzake wote akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya akiwa kazini.

"Nimewaambia," akasema. "Si nimewaambia? Mume wangu hajawahi kuniangusha."

"Mke wangu, yale mafuta hayafai."

Alidhani natania. Akacheka kidogo. Kisha akanitazama vizuri, mkono wake ukalegea ndani ya wangu.

"Hayafai vipi? Si ndiyo yanayowaka?"

"Yanawaka kwa sasa. Hayakuiva. Vimeng'enya vimekufa. Shahamu itaziba chujio na injini itazimika, sijui lini, labda jioni, labda sasa hivi."

"Vimekufaje?"

"Nilizichemsha punje. Niliziosha kwa sabuni. Ni mimi."

"Wewe?" Sauti yake ikapanda. "Wewe usiyeruhusu hata paka apite karibu?"

"Ni mimi. Nilipitiwa."

Nyuma yake nikasikia kiti kikisogezwa. Mama mkwe amesimama, anacheka kwa upole, ananitikisia kidole kama anayemkanya mtoto.

"Usijisingizie kazi ya watu, mwanangu. Mimi ndiye niliyeziosha," akawaambia wauguzi. "Zilikuwa chafu hizo! Nikazichemsha mpaka zikawa nyeupe pepe. Mwenyewe amenishukuru, akaniambia nimefanya vizuri sana."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akarudi kwa binti yake. Tabasamu likamwisha usoni polepole, nikaliona linavyoondoka, na sikuwa na namna ya kulizuia.

"Mbona mnanitazama hivyo?" akauliza. "Nimefanya nini?"

Mke wangu akauachia mkono wangu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ulijua," akaniambia. "Ulijua tangu jana. Nimekupigia simu ukaniambia mama anasugua."

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka kidogo. Daktari mkuu akatoa kichwa, kofia ya kijani, glovu zimeinuliwa juu zisiguse kitu. Ni mwanamke asiyependa maneno mengi. Nyuma yake taa ikapungua nguvu, ikarudi. Huko nyuma ya jengo jenereta ilikuwa imekohoa.

"Kizibo ameniambia dirishani," akasema. "Nani kaosha nini, tutaongea baadaye. Mama yuko wazi mezani na mtoto bado hajatoka. Nikiizima sasa, utalisafisha chujio iwake tena kabla sijampoteza? Au niiache iendelee hivi mpaka nimalize? Nataka neno moja. Zima, au acha?"

Mafuta yale sikuyajua. Sikuwahi kupika mabaya kama yale, nitayajuaje? Huenda yangevuta saa nzima. Huenda yalikuwa yameshaanza kuganda. Na nikizima, bomba lenyewe litakuwa limejaa shahamu ile ile, nani ananihakikishia kwamba itawaka tena?

Jenereta ikakohoa mara ya pili. Ndani ya wodi muuguzi akaita jina la mke wangu, mashine ya njiti inapiga kelele. Mke wangu hakusogea. Alikuwa bado ananitazama, yeye na daktari na wauguzi wote, na mama yake aliyekuwa ameanza kuelewa na kujiziba mdomo kwa ncha ya kitenge kipya.

"Mjibu," mke wangu akasema. "Mimi ndiye niliyekudhamini. Mjibu."

Nikafungua mdomo, na neno lililotoka, ndugu zangu, nitawaambia wiki ijayo.